Dadu Bila Ubao

Mujinga alimchagua Lombe kwa sababu mtu mwoga hapandishi bei. Yeye Mujinga ni mfanyabiashara wa mtaa wa Kamalondo, mtoto wa Wakasai, aliyejitoa kwenye sabuni ya kuuza chini hadi kuagiza mizigo China. Lombe ni wakala wa forodha, déclarant kama wanavyoitwa Lubumbashi: ndiye anayewaandikia watu wa dwani, yaani forodha, mzigo ni kitu gani, ili wajue wautoze ushuru upi. Siku ya kwanza aliketi ukingoni mwa kiti dukani kwa Mujinga kama mtu anayesubiri kufukuzwa.

"Maman Mujinga, mi sisaini kitu sijaona na macho."

"Papa Lombe, ludo utaangalia nini? Iko ubao, iko kete, iko dadu. Bantu ba hoteli Karavia bananingoja, banataka kuweka ku meza za bateja."

"Byote iko pamoja?"

"Byote."

"Kweli pamoja, maman?"

"Bibi yako ku nyumba anakuvumiliaka namna gani?"

Lombe akacheka kidogo, akakubali bei, akasaini. Kwao ni Kambove, kwenye migodi. Kaka zake hata leo wanaingia mashimoni kuchimba, na kilichomtenga yeye na mashimo hayo ni beji ya kazi, ambayo akiwa njiani huivaa ndani ya shati isiibwe.

Mujinga hakumwambia jambo moja. Wanawake wa Kamalondo hukodi kontena kwa pamoja, na mwenye akili hasafirishi boksi, maana boksi ni hewa, na hewa nayo hulipiwa nafasi. Kwa hiyo kule China ludo zilivuliwa maboksi yake. Dadu na kete zikatiwa katika magunia yenye alama ya Mujinga; mbao, zilizo bapa, zikalazwa ndani ya katoni za nywele za bandia za Julienne, mwenzake wa soko. Kila mtu hufanya hivyo. Safari hii tu, Kasumbalesa mpakani, mkaguzi alianza na magunia.

Alimimina dadu mezani, mbele ya Lombe na Mujinga. Ziliviringika, nyingine zikaanguka sakafuni, na hakuna aliyethubutu kuinama kuziokota.

"Déclarant, uliandika mchezo wa familia. Mi ninaona dadu. Dadu bila ubao ni ya kamari, na kamari iko na kifungu yake, iko na ruhusa yake. Ruhusa iko wapi?"

"Chef, ni ludo," Lombe akasema. Sauti ilimtoka nyembamba.

"Basi nionyeshe ludo. Bipande bikiwa pamoja, nitahesabu mchezo moja, mulipe ya mchezo, muende. Mukikosa ubao kabla ya kufunga ofisi, hii ni fausse déclaration, umeandika uongo. Beji unaiacha hapa, na ule mwenye mali tutamuandika jina."

Nje, Lombe akamgeukia Mujinga.

"Maman, ubao iko wapi?"

Mujinga alijua mbao zilipo. Alijua pia kwamba chini ya mbao zile Julienne alipanga simu ambazo hakuzitaja popote. Akasogea pembeni, akampigia.

"Yaya, dada yangu, ukigusa katoni yangu umeniua," Julienne akasema.

"Banataka beji ya Lombe."

"Lombe ni ndugu yako? Anyamaze, alipe, aende. Dadu utapata zingine ku mji."

Hesabu ya Julienne haikuwa mbaya. Dadu zipo mjini, na mbao zingepita salama chini ya nywele. Mujinga alikuwa karibu kuikubali. Halafu akamwona Lombe nyuma ya lori, ameshika tairi, anatapika. Hakumwonea huruma, ingawa baadaye watu walisema alimwonea. Alichokiona ni kwamba mtu wa namna ile, akibanwa swali moja, atataja kila jina analolijua, na la kwanza litakuwa la Mujinga. Wakati huo itakuwa jela, duka litafungwa, na watoto watarudi Kasai kwa wajomba.

Akaingia ofisini.

"Chef, ubao iko. Fungua katoni za nywele."

Wakafungua. Nywele zikatoka, mbao zikatoka, simu zikatoka. Mkaguzi akaweka ubao mezani, akapanga kete na dadu juu yake, akaandika: mchezo mmoja kamili. Simu akazivuta upande wake.

Ludo zilifika Karavia na zinachezwa. Lombe alibaki na beji, ila Kamalondo hakanyagi tena. Akiwa na kazi ya upande ule, humtuma mwenzake. Julienne aliuza kibanda chake kufidia hasara ya simu, sasa anasuka nywele za watu uani kwa dada yake, na Mujinga akipita hainui kichwa. Wanawake wa kontena hawakumgombeza Mujinga. Walimwambia tu nafasi imejaa, wakamwambia hivyo tena mzigo uliofuata. Siku hizi anasafirisha peke yake, kila ludo ndani ya boksi lake, na hewa anailipia.