Walioulizia Mchele wa Brauni

Kutafiti maneno ambayo watu huandika mtandaoni wanapotafuta kitu nilijifunza mwenyewe, kwa video, hapa Ifakara. Nilitengeneza ukurasa wa kuuzia mchele wa mama, anayelima supa, mpunga wenye mchele unaonukia, kule Mofu. Kwa kuwa sina cheti, naogopa sana kukosea. Nikaandika programu ndogo ya kutafuta "mchele wa brauni Ifakara" kila baada ya dakika chache, inionyeshe kama ukurasa wetu bado unatokea juu. Nikaiacha ikifanya kazi usiku na mchana.

Baada ya miezi miwili, ripoti ya mtandao ya maneno yanayoleta watu kwenye ukurasa ilionyesha maneno hayo yanatafutwa kuliko mengine yote. Nikakagua mara tatu. Kila nilipokagua yalikuwa yamepanda zaidi.

Nikamwambia mama mavuno yote tukoboe brauni. Mavuno hayo ndiyo yangetununulia paa jipya. Mabati ya upande wa jikoni yameoza.

Fundi wa mashine alicheka. "Mama, supa yote hii unaiacha na pumba? Huo ni wa wagonjwa wa sukari. Unao wangapi?"

"Mwanangu ameona watu wanauliza," mama alijibu, kichwa juu.

Hakuna hata mteja mmoja aliyepiga simu. Nikadhani kosa liko kwenye picha, nikabadilisha picha. Nikabadilisha maelezo, rangi, hata ukubwa wa herufi. Joto lilipopanda, magunia yakaanza kunuka kama mafuta ya siku nyingi. Siku moja niliizima programu ili nibane bando. Kesho yake mstari kwenye ripoti ulikuwa umeanguka mpaka chini kabisa. Hakuna aliyekuwa ameuliza. Programu yangu ilikuwa inahesabiwa kama watu.

Tulirudisha magunia mashineni, mchele ukobolewe upya uwe mweupe. Fundi akachota mchele, akaunusa. "Harufu ya supa imeshaondoka, mama. Huu wape kuku."

Jioni nilimweleza mama kila kitu.

"Kwa hiyo aliyekuwa anauliza ni wewe?"

"Ni programu yangu, mama."

"Basi nunua wewe."

Hakuwa anatania. Sasa mchele huo tunaula wenyewe, na mvua ikinyesha tunahamisha sufuria kufuata panapovuja.

Bado nafungua ripoti kila asubuhi. Jana ilionyesha mtu mmoja. Moyo ulinidunda, kisha nikakumbuka kwamba juzi nilitafuta mwenyewe, kwa simu ya mama, ili kuhakikisha.