Msimu Niliotaka Wafungwe

Kiyoyozi cha dirishani kwetu Al Rayyan, pembeni mwa Doha, kilinuka vumbi lililolowa, na kilinguruma hata ikabidi kupaza sauti ili kusikilizana. Kiangazi kile, nikiwa na miaka kumi, ndicho kilichokuwa mwenzangu. Baba alikuwa dereva wa hoteli kule Al Sadd, Mama muuguzi wa zamu, na shule zilikuwa zimefungwa. Waliniachia chai kwenye chupa na chapati chini ya sahani, wakafunga mlango kwa nje, na jirani yetu Mganda akabaki na ufunguo wa akiba. Jua la nje lilikuwa la kuunguza. Hakuna mzazi mwenye akili ambaye angemwacha mtoto acheze kwenye joto lile. Nililijua hilo na bado nilichukia. Kutwa nilizunguka kati ya kitanda na jiko, nikigombana na televisheni.

Mwaka uliotangulia haikuwa hivyo, kwa sababu kaka yangu Amosi alikuwepo. Jua likishazama alinipeleka bustanini, akanikimbiza na mpira hadi nguo zikanigandia mwilini. Kisha wakala mmoja akamwona akicheza Nairobi wakati wa likizo, na Januari akaondoka kwenda kuwa beki wa kushoto wa timu moja ya Ligi Kuu ya Sweden. Mkataba ulikuwa wa msimu mmoja. Aliponiaga alisema ligi ikiisha tu, anarudi kuishi nasi.

Baba, ambaye ligi zote alizozijua huisha Mei, alipiga hesabu zake bila kumuuliza mtu. Ijumaa moja ya mwezi huo, ambayo huku ndiyo siku ya mapumziko na ya ibada, alisimama mbele ya Wakenya na Waganda tunaosali nao kanisani Mesaimeer akatangaza kwamba kijana wake yu njiani. Mama akanunua godoro. Mimi nikasugua viatu vya Amosi kwa mswaki wa zamani hadi vikang'aa. Amosi alipopiga simu alicheka sana. Kule theluji hufunika viwanja, akaeleza, kwa hiyo wao huanza Aprili na kumaliza Novemba. Ndiyo kwanza wamecheza mechi chache. Baba alirudi kanisani kujisahihisha huku masikio yakimwaka. Mimi nililia hadi nikapata kwikwi, maana kiangazi kizima kilikuwa bado mbele yangu.

Kuanzia hapo maisha yetu yakaenda kwa matokeo. Baba alirudi nayo Jumapili jioni, na uso wake ulinipa habari kabla hajavua viatu. Wakafungwa tatu bila. Wakatoka sare ya moja moja. Wakafungwa mbili moja, tena nyumbani kwao. Ijumaa kanisani watu ambao hawakuwahi kuiona timu ile waliuliza ilivyofanya kabla hata ya kumuuliza Mama hali yake. Kila mtu alijua kwamba timu ikibaki ligi kuu Amosi ataongezewa mkataba, na ikishuka atarudi mikono mitupu. Basi waliiombea kwa nguvu zote. Siku moja Mzee Wafula, aliyeongoza maombi, aliniita niombe kama dada wa mchezaji. Nikafumba macho nikasema, "Mungu, wafungwe zote." Mama alinifinya mkono na Mzee Wafula akamalizia sala haraka haraka. Sijawahi kuijutia sala ile. Nilikuwa nimechoka kukaa ndani, na nilimtaka kaka yangu.

Ligi ilipoisha walikuwa wa tatu kutoka mkiani, ikabidi wacheze mechi mbili za mchujo na timu ya daraja la chini. Ya kwanza, ugenini, ikawa sare ya bila bao. Ya pili wakashinda moja bila, ingawa kwa kanuni ya mabao ya ugenini bao moja tu la wageni lingewashusha. Chumba chetu kilijaa watu wakiimba, Baba akalia waziwazi, nami nikakaa chooni hadi niliposikia naitwa kwenye simu.

"Wameniongezea miaka mitatu," Amosi alisema.

"Basi hurudi."

Akauliza, "Baba amefurahi?"

Nilimwambia analia. Akasema sawa, nikampa Mama simu.

Siku hizi mimi ni muuguzi hapa hapa Doha, na wazazi wamesharudi Kenya. Matokeo ya Sweden yananifikia kwenye simu kabla wachezaji hawajatoka uwanjani, na kiangazi nikichoka kukaa ndani nawasha gari naenda nitakako. Amosi aliumia goti akaacha mpira, lakini alibaki huko huko. Mwaka jana alikuja kunitembelea siku mbili. Tukiwa tunakula Al Sadd, nilimtania kuhusu sala yangu nikidhani atacheka kama zamani.

Hakucheka. "Ile mechi ya mwisho, mpira ulinijia mbele ya goli letu," alisema. "Ningeuacha tu, ungeingia, nami ningekuja home. Nilitaka sana. Halafu akilini nikamwona Baba akisimama tena kanisani kujisahihisha. Nikaupiga nje."

Miaka yote hiyo nilikuwa nimemkasirikia kwa kutorudi. Tulikaa pale, watu wazima wawili wenye hiari ya kwenda popote, na kesho yake asubuhi nikampeleka uwanja wa ndege.