Dansi Isiyokataliwa

Siku yangu ya kwanza kazini sikucheza hata hatua moja. Nilipewa ufagio. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, katika shule ya dansi iliyokuwa juu ya duka la mikate, magharibi mwa Toronto. Mwenye shule alikuwa mama wa Kicheki ambaye sote tulimwita Bi Mkurugenzi.

"Anayetaka kufundisha juu ya sakafu hii, kwanza aijue," aliniambia.

Makubwa haya! Mimi Mgoa wa Dar es Salaam, niliyekulia kwenye harusi ambako mtoto hucheza kabla hajajua kusali, nikabidhiwe ufagio? Lakini nilifagia. Nilipomaliza nilijua ubao upi unateleza na upi unalia, na ujuzi huo ulinifaa miaka yote.

Nusu ya wanafunzi wetu walikuwa wazee wa Kicheki. Waliobaki walikuwa Waismaili wa mtaa wa Thorncliffe Park, Wagoa wenzangu wa mji jirani wa Mississauga, na vijana wa mtaa wa Dixon waliokuwa wakijiandaa kwa harusi zao. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kuita hatua kwa Kiingereza na kwa Kicheki nilichojifunzia hapo hapo, na mambo yakiharibika, kwa Kiswahili. Hatua ni krok. Mzunguko ni otočka. Sakafu ya dansi ni parket. Waltz, ile dansi ya mapigo matatu, huhesabiwa raz, dva, tři. Foxtrot, dansi ya hatua za polepole na za haraka, ndiyo iliyonitoa jasho. Mwalimu wa Kiingereza huita slow, neno fupi tu, lakini Wacheki husema pomalu, na ukilianza mguu ukiwa umeshanyanyuka, umechelewa. Nilijifunza kulitamka mapema, mguu ukiwa bado chini. Kiswahili kilikuwa balaa zaidi.

"Anti Filo," bwana mmoja wa Mississauga alinitania, "by the time unamaliza polepole, sisi tumeshagonga ukuta!"

Yapo maneno ambayo kuyafasiri hakutoshi, kwa sababu nyuma yake kuna desturi. Mwanamume wa Kicheki akitaka kucheza na mwanamke humwendea na kusema, Smím prosit? Yaani, je, naruhusiwa kuomba? Halafu kuna dámská volenka, dansi ambayo wanawake ndio wanaochagua. Waingereza nao wanayo, lakini kwao ni mzaha. Kwa Bi Mkurugenzi ilikuwa sheria: mwanamume aliyechaguliwa hakatai, hata kama goti linamuuma.

"Akikataa," alisema, "amemwacha mwanamke peke yake katikati ya parket, watu wote wanamtazama. Aibu hiyo haifutiki."

Sasa nije kwa kaka yangu, Kajetan. Alifiwa na mkewe, wifi yangu Bibiana. Katika ukoo wetu mfiwa huvaa nyeusi mwaka mzima, na mwaka huo hachezi. Kaka aliishika desturi hiyo, kisha akaongeza yake: hatoki, hali, hasemi. Niliogopa. Niliogopa kabisa kwamba atamfuata mkewe. Nikamwendea nyumbani kwake Mississauga.

"Njoo shuleni Alhamisi," nikamwambia. "Kuna viti, kuna muziki, kuna chai."

"Filo, mimi nimevaa nyeusi."

"Sikuiti kucheza, Kaka. Nakuita ukae tu."

Akaja. Akawa anakaa karibu na dirisha, suti nyeusi na tai nyeusi, kila Alhamisi. Baada ya wiki kadhaa akaanza kunywa chai, kisha akaonja keki ya duka la chini, na mimi nikijifanya simwoni. Bi Mkurugenzi alijua kuwa amefiwa, lakini habari ya mwaka wa nyeusi hakuijua. Kwao suti nyeusi ndiyo vazi rasmi la dansi. "Huyu ndiye mwanamume pekee hapa anayejua kuvaa," aliniambia. Nikacheka, nikaliacha hapo.

Ikafika dansi ya kufunga mwaka wa masomo, Jumapili mchana. Karibu na mwisho Bi Mkurugenzi akatangaza volenka. Halafu yeye mwenyewe, mjane ambaye hakuna aliyewahi kumwona akicheza na mgeni yeyote, akavuka parket hadi dirishani na kusimama mbele ya kaka yangu.

"Smím prosit?"

Maji yalinifika shingoni. Kaka akikubali, amevunja heshima ya Bibiana. Akikataa, amemwaibisha mama wa watu ukumbini kwake, na najua hatakanyaga tena pale. Atarudi kujifungia, na safari hii sitamtoa. Alinitazama.

Kaka akasimama. Akafunga kifungo cha koti. "Mama," alisema kwa upole, "nyeusi hii ni ya mke wangu. Mpaka mwaka uishe siwezi kucheza. Lakini kutembea naweza." Akampa mkono.

Bi Mkurugenzi akaitazama ile tai kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Kisha akamgeukia mpiga kinanda na kusema neno moja: "Polonéza!"

Polonéza ni mwendo wa wawili wawili, ambao kwao hufungua dansi kubwa. Nasi Wagoa tunao: maharusi huingia ukumbini kwa mwendo wa namna hiyo, wageni wakiwafuata nyuma. Mkono umeshikwa, kichwa kiko juu, watu wanatembea tu. Wakatoka wawili hao, wazee wa Kicheki wakafuata, Wathorncliffe wakafuata, ukumbi mzima ukawa unazunguka. Kaka alikuwa akilia waziwazi, wala hakujifuta. Bi Mkurugenzi alimhesabia kwa sauti ya chini, raz, dva, tři.

Jioni ile Kaka alikula kwangu, akaongeza sahani. Mwaka ulipotimia alivua tai, na waltz yake ya kwanza aliicheza na Bi Mkurugenzi.

Miaka ilipita. Bi Mkurugenzi alipofariki, nilivaa nyeusi. "Kwani ni ndugu yako?" waliniuliza kanisani. Mwaka ule nilifundisha nikiwa nimeketi, kwa sauti tu, na ulipokwisha nikastaafu. Ninyi vijana mnaofundisha sasa, maneno ya dansi mtayapata kwenye simu zenu. Namna ya kumwendea mtu aliyeketi peke yake, hiyo nendeni mkaitazame ukumbini.

Jumapili ya kuvua nyeusi, baada ya misa, nilikuwa jikoni kwangu. Kitambaa changu cheusi cha kichwa nilikuwa nimekitundika kwenye kiti, nami nikikorogakoroga mchuzi usiohitaji kukorogwa. Kaka aliingia na magoti yake mabovu. Akafunga kifungo cha koti.

"Smím prosit?" alisema, kwa lafudhi ya Dar es Salaam kabisa.

Nikazima jiko, nikampa mkono.