Hatua Ishirini za Uwanja

Mimi na baba mkwe wangu tunaishi uwanja mmoja hapa Bondeni, na katika miaka kumi na minne ya ndoa sijawahi kumtazama usoni. Msinicheke. Kwetu Wanyakyusa mkamwana humkwepa baba mkwe: akitokea njiani unaingia migombani, na kuzungumza naye ndiyo kabisa haiwezekani. Chakula namwekea kwenye kigoda barazani, nikishaondoka ndipo anatoka. Ni heshima, nimelelewa hivyo, sioni taabu.

Ila hakuna mila iliyosema lolote kuhusu watsapu. Mama mkwe alipofariki, mume wangu alimnunulia baba yake simu ya kupangusa. Siku moja mzee akanitumia meseji: "Mchuzi wa mbasa ulikuwa mzuri. Ndaga fijo." Mbasa ni samaki wa ziwani kwetu, na ndaga fijo ni ahsante sana. Nikajibu ahsante, naye akajibu. Tangu hapo tukawa tunachati kila siku, mimi jikoni, yeye barazani, hatua ishirini katikati. Ananieleza kakao ipi imeoza, kwaya imeimba ovyo vipi, dawa za presha zimebaki ngapi. Kumbe mzee ni mcheshi vile, na mimi miaka yote nilimwona mkali.

Basi akaja afisa mmoja kwenye mkutano wa mtaa, akasema watu wachunge wanachoandika, serikali ina mkono mrefu, hata ukifuta inaona. Mume wangu akamweleza baba yake kwamba meseji zinafungwa kwa kufuli. Mzee akauliza, "Na aliyetengeneza kufuli hana ufunguo?" Mume wangu, mwalimu wa hesabu, akarudi kwenye madaftari yake. Jioni ile nikapata meseji: "Tusiandikiane tena."

Niliumia, sitasema uongo. Nikafukua meseji zetu zote kutafuta nilipomkosea. Nikakuta umbea wa kwaya na habari za mpunga. Hayo serikali iyafanyie nini? Nikakasirika hasa. Mume wangu nikamfanya tarishi, lakini tarishi gani yule. "Baba anasemaje?" "Hajambo." Kila siku hajambo.

Wiki ya pili mume wangu akaenda Mbeya kusahihisha mitihani. Kwenye dirisha la jikoni nikamwona mzee, amenipa mgongo, anashika nguzo ya baraza kila akiinuka. Nikajua dawa za presha zimekwisha. Kumsogelea na kumuuliza siwezi. Nikampigia mume wangu, hapatikani. Nikaandika kwa hasira: "Baba, dawa zimekwisha lini? Hao wanaotusoma hawatakuletea."

Nikapika wali mpaka ukaiva. Halafu akajibu: "Leo siku ya nne. Nilikuwa namsubiri mume wako. Kufungwa siogopi. Naogopa vijana wa ofisini watasoma wacheke, mzee wa kanisa anapiga soga na mkamwana wake."

Nilicheka huku machozi yananitoka. Maskini baba wa watu, serikali nzima ameipa kazi ya kulinda mila za Wanyakyusa. Jina la dawa lilikuwa kwenye meseji za zamani, nikalituma kwa dereva wa bodaboda, na baada ya muda mfupi akaniletea. Nikaziweka kwenye kigoda pamoja na wali na mboga, nikarudi nyuma ya mlango wangu. Nikasikia kikombe cha maji kikigonga kigoda, moyo ukatulia.

Nikamwandikia: "Na wakicheka, tuache?"

Alichukua muda mrefu, maana anaandika kwa kidole kimoja. Miaka yote hiyo mimi kwake nilikuwa mama wa wajukuu, hakuniita kingine. Jibu likaja:

"Waache wasome. Watajua nina binti."

Nikalisoma mara tatu, nimesimama na mwiko mkononi. Kisha nikamjibu kwamba chumvi ya mboga imezidi kidogo, anisamehe.