Mbea wa Gari la Mama

Plastiki ya gari kuukuu ikipigwa na jua hutoa harufu yake, na harufu hiyo ikichanganyika na mafuta ya nazi, mimi hurudi palepale: uani nyuma ya duka moja huko Queensbury, jijini London, bado mtoto wa shule ya msingi, nimejikunja chini ya dashibodi na tochi ndogo mdomoni. Mafuta ya nazi yalikuwa ya mikono ya mama. Kabla ya kuja London alikuwa msusi Mombasa, na hata alipopata kazi ya kuwatunza wazee, akizunguka nyumba hadi nyumba kuwaogesha na kuwanywesha chai, jioni aliendelea kusuka vichwa vya majirani sebuleni kwetu Kilburn. Gari lilikuwa jekundu, la spoti, la viti viwili, na umri wake ulinizidi. Watu walimcheka, mtunza wazee na gari la mashindano wapi na wapi! Naye akawajibu kwamba tulikuja nchi hii wawili na tungali wawili, sasa kiti cha tatu ni cha nani? Baba alikuwa ameshashika njia zake, na mama hakuwa mtu wa kumwekea mtu nafasi.

Tatizo ni kwamba mama alipenda mwendo. Nikimeza chakula bila kutafuna alinikemea kwamba haraka haraka haina baraka, lakini yeye akishika usukani, methali aliiacha nyumbani pamoja na kandambili. Nimtetee kidogo. Ofisi ilimpangia wazee wengi na muda kiduchu, na akichelewa, kulikuwa na bibi wa watu anayemngoja kitandani amelowa. Kamera za barabarani hazikujua habari za huyo bibi. Leseni ya mama ilikuwa imejaa pointi za makosa, limebaki kosa moja tu anyang'anywe, na leseni ikienda, kazi nayo inakwenda. Niliogopa sana msimu ule wa kiangazi. Nilikuwa nikiona gari la polisi hata limeegeshwa tu, najikunyata kitini.

Ndipo akaingia Bwana Kanji, Mhindi mzaliwa wa Kisumu, mwenye duka la vipuri ambalo ua wake nimeutaja. Alimpatia mama kifaa cha kunasa rada, kadiri ya kipande cha sabuni, kinachokaa juu ya kioo cha mbele na kulia kikisikia mawimbi ya kamera. Waya wake ulikuwa wa kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara. Mama aliutazama ukining'inia kutoka kiooni hadi kwenye gia, kisha akauchomoa.

"Bwana Kanji, hili siliwezi. Ni kama kutoka nje na msuko umefumuka."

"Basi mama, chukua moto wa umeme kwa fyuzi ya redio," alisema Bwana Kanji. "Ukitoa ufunguo, nayo inalala. Haimalizi betri. Na ile waya nyeusi funga kwa skrubu ya chuma, siyo ya plastiki."

Alitaka kumwita fundi wake. Mama akakataa, akafungua mkoba wake wa ususi. Akachukua kile kitana chenye mkia mrefu mwembamba anachogawia nywele njia, akaanza kuupenyeza waya kwenye ukingo wa kitambaa cha paa, kidogo kidogo, ukimezwa na kitambaa huku yeye akifuata. Alipofika kwenye nguzo ya kando ya kioo cha mbele alibandua plastiki yake taratibu, akaulaza waya ndani, akaufunga pamoja na nyaya za zamani kwa utepe mweusi ili usigongegonge, kisha akanituma chini ya dashibodi niupokee kwa sindano yake ya kulabu. "Usivute," aliniambia. "Ngoja uje wenyewe. Ukivuta utakatika ndani, na mie sina kichwa cha kuufumua tena." Ukaja. Nywele iliyosukwa vizuri, alikuwa akisema, haioneshi pale ya bandia ilipoanzia. Tulipomaliza palionekana kifaa peke yake, kana kwamba kilizaliwa na gari. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Nilimwuliza kinasikiaje, kwa Kiingereza kama kawaida yangu, "Mum, how does it hear?"

"Kama mie nisikiavyo ukifungua friji," akajibu. Akakipa jina la Mbea.

Mbea alilia kila mahali. Kila akilia, mama aliondoa mguu kwenye mafuta, tukatambaa kama wapeleka jeneza, na kamera hakuna. Mimi udadisi ulinizidi. Siku moja tuliegesha karibu na stesheni ya Rayners Lane, mbele ya supamaketi, mama akimngoja rafiki yake. Mbea akalia. Akanyamaza. Akalia tena. Nikatazama nje nikaona: mlango wa supamaketi ule unaojifungua wenyewe, kila mtu akikaribia, Mbea analia. Kumbe mlango nao una rada yake! Nilimwambia mama papo hapo kwa furaha ya mgunduzi, nikatazama uso wake ukisinyaa, nikajuta. Alikuwa amepunguza mwendo kwa sababu ya kile kifaa. Sasa angekidharau, akimbie tena, na leseni iende.

Asubuhi iliyofuata, nilikuwa likizo ya shule, akanichukua kazini. Tulikuwa tumechelewa. Kwenye barabara pana, Mbea akalia kando ya kituo cha mafuta chenye duka.

"Ni mlango tu," akasema mama, mguu ungali kwenye mafuta.

"Mum, please!"

Sijui ni sauti yangu au nini, akapunguza. Kwenye kona, nyuma ya mti, askari amesimama na chombo chake cha kupimia mwendo amekielekeza kwetu, aina ambayo Mbea hakuwa na masikio nayo. Tukapita polepole, mama akimwinamishia kichwa kwa adabu. Mbele kidogo akaegesha, akalia machozi, kisha akacheka. "Leo mlango umeniombea dua," akasema. Tangu siku hiyo hakubishana na Mbea tena.

Leo gari langu linajua kila kamera mjini na kuninong'oneza kwa sauti laini. Halikosei hata mara moja, kwa hiyo mimi hupunguza pale linaposema tu, na leseni yangu ina pointi nilizopewa na askari wasiokuwa kwenye ramani yake. Ya mama ilisafika, akairudisha mwenyewe macho yalipopungua nguvu. Sasa hukaa kiti cha abiria, vidole vyake bado vinanukia nazi, na tukikaribia supamaketi yoyote hunigusa goti.

"Mlango, mwanangu."

Napunguza. Siku zote kuna mtu anayetoka.