Mabondeni Walipohama na Kuku Wao

Mratibu wa maafa wa jimbo alikuwa mwanamke mpole wa sauti, mwenye miguu isiyotulia. Kazi yake ilikuwa kuwaza mabaya wakati mambo bado ni mazuri: mahema yasiliwe na panya ghalani, mashua ziwe na mafuta, polisi na hospitali wajue nani atampigia nani. Mwaka uliotangulia aliwahamisha watu wa mabondeni kwa hofu ya mafuriko. Walilala madarasani, mvua ikapita kando, wakarudi kukuta kuku na mbuzi wao wameibiwa. Tangu hapo, akipita sokoni, wauza mboga walimwita Bibi Tahadhari na kumuuliza kama wafungue miavuli.

Asubuhi moja simu ikaja kutoka bwawani. Maji yalikuwa yamejaa pomoni. Kesho yake milango ingefunguliwa, la sivyo ukuta wenyewe ungepasuka. Akawaita wakuu wa idara kwenye ukumbi wa dharura, chumba chenye meza ndefu, ramani ukutani na feni inayokoroma. Polisi wangefunga daraja, hospitali ingeanza na wajawazito na wagonjwa wa kitandani, mkuu wa usafiri angetoa mabasi. Mkutano ukaisha bila kuvutana.

Adhuhuri mabasi yakarudi matupu. Dereva mmoja akamweleza, kwa haya, kwamba watu wamesema hawahami ng'o mpaka waone mama mzazi wa mratibu, anayeishi hukohuko, amehama; na mama mwenyewe yuko barazani, anachambua maharage.

Mratibu akamwachia msaidizi wake meza, akaenda. Alivua viatu, akamwamkia mama yake, akaketi chini. Majirani walikuwa wakianika nguo zilizokwisha kukauka.

"Mama, safari hii maji yanakuja kweli."

"Hata mwaka jana yalikuwa yanakuja kweli, mwanangu."

Mkobani alikuwa na amri ya serikali yenye muhuri. Hakuitoa. Alimuuliza tu kinachomzuia ni nini.

Mama akaelekeza kidevu kwenye banda. "Wewe una mshahara. Mimi nina hao. Mwaka jana ulituambia tubebe vyeti na dawa. Kuku hukuwataja."

Maneno yalimchoma, maana ni kweli. Katika mpango wake mifugo ilitajwa mwishoni kabisa, kwenye mambo ya kuangaliwa maji yakishapungua. Akasogea uani, akampigia bwana mifugo, ambaye hata mkutanoni hakualikwa. Bwana huyo alikuwa na malori ya kusombea ng'ombe, ila hayakuwa na mafuta. Mkuu wa usafiri, alipoombwa, alinung'unika, kisha akatoa mafuta. Polisi nao wakakubali kulinda zizi litakalowekwa nyuma ya shule.

Alasiri malori yakateremka mabondeni. Mama yake alikataa basi katakata. Akapanda mbele ya lori, jogoo kwapani, akamwambia dereva aendeshe polepole kwa sababu mgeni wake hajazoea safari. Majirani walicheka, na huku wakicheka wakaanza kufungua mbuzi. Jua lilipokuwa linazama, aliyebaki kule ni askari wa zamu tu.

Maji yalikuja asubuhi, bila kishindo. Yalipanda taratibu mpaka usawa wa madirisha, yakakaa, kisha yakaanza kurudi. Hakufa mtu. Jiko la mama yake lilianguka, na banda likaenda na maji.

Mratibu alipopata upenyo alikwenda shuleni. Alimkuta mama yake ametoka kubishana na mwalimu mkuu, kwa sababu kuku wameparua bustani ya maua. Akamweleza habari za jiko moja kwa moja, bila kuzunguka.

 Mama akauliza kama nyumba yenyewe imesimama, na ya jirani je. Zimesimama. Akashusha pumzi.

"Jiko lilikuwa linavuja hata hivyo," akasema. "Wewe umekula?"

Hakuwa amekula tangu jana. Mama akasogea, akampa nafasi mkekani, akainuka kumtafutia sahani. Aliporudi, binti alikuwa keshapitiwa na usingizi, simu mkononi. Ikaanza kuita. Mama akaichomoa vidoleni mwake, akaipokea, akamwambia mkuu wa usafiri kwamba mratibu anapumzika, kama ni mafuta ya malori aendelee tu kuyatoa.