Mgagani wa Kando ya Barabara

Katika miaka ya sabini nilikuwa bwana afya mjini Shinyanga, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kuwatisha watu kuhusu majani. Nilivaa kaptula ya kaki na soksi ndefu, nikapita mtaa kwa mtaa na daftari mkononi. Palipokuwa na majani marefu, niliandika onyo. Chuoni tulifundishwa kwamba majani huficha mbu na nyoka, na hilo lina ukweli wake. Lakini mkuu wangu wa kazi alikuwa na sababu yake, nami niliimeza bila kutafuna.

"Majani mjini ni uvivu," alikuwa akisema. "Mgeni akiyaona, anajua hapa hakuna watu waliostaarabika."

Baba alipofariki, mama alikuja kuishi nami kutoka kijijini, upande wa Kolandoto. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu. Nyumba niliyopewa na serikali ilitazama barabara ya vumbi, na kati ya ukuta na barabara kulikuwa na kipande cha ardhi kisicho na mwenyewe. Mvua za kwanza ziliponyesha, pakachipua kila kitu: mbigiri, mlenda, mgagani, na maua madogo ya njano ambayo mpaka leo sijui jina lake. Nilitoka na fyekeo. Mama akasimama mlangoni.

"Ng'wanawane, unafyeka chakula?" Ndivyo alivyoniita siku zote kwa Kisukuma, yaani mwanangu.

Ulikuwa mwaka wa njaa. Mvua zilikatika mapema, mtama ukakauka kabla ya kubeba, nasi tukapanga foleni kungoja unga wa yanga, ule wa njano uliotoka ng'ambo. Mboga sokoni hazikuonekana. Mama aling'oa mbigiri kwa mikono yake, akauacha mgagani na mlenda, na kila jioni akaumwagilia maji aliyooshea vyombo. Alichuma majani machanga, akayachemsha, akayamwaga maji ya kwanza ili kupunguza uchungu, kisha akayaunga kwa karanga. Tulikula. Majirani nao walikuja na mabakuli yao, na hakuna aliyerudi na bakuli tupu.

Maua ya njano yalikuwa na mteja wake. Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la Wahindi, na bibi wa nyumba ile, mjane kama mama, alivuka kila asubuhi akiwa na kisahani cha shaba kuchuma maua ya kuweka mbele ya miungu yake. Siku ya kwanza aliomba kwa ishara. Baadaye alikuwa akikaa kabisa. Wazee wale wawili walikalia ngazi yangu, kila mmoja na Kiswahili chake kilichovunjika upande wake, wakazungumzia magoti na wakwe. Sijawahi kumsikia mama akicheka vile mjini.

Kazini walinicheka. "Bwana afya anakaa porini," walisema. Mjumbe wetu wa nyumba kumi, niliyemwandikia onyo mwezi uliotangulia, alienda kunichongea kwa mkuu wangu. Nilianza kumwonea mama aibu. Hilo nalisema wazi, kwa sababu kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba niliogopa kufukuzwa kazi tu.

Kisha tukaambiwa mgeni mkubwa atapita. Mkuu wangu akaniita.

"Ndugu, barabara ile yote iwe nyeupe, lisibaki jani. Uanzie kwako, watu waone."

Nilimweleza mama jioni ile. Hakubisha. Aliniuliza tu mgeni anakuja lini.

"Jumamosi."

"Mbegu zitakauka wiki ijayo. Niachie mashina machache pale ukutani. Nikishavuna, nitang'oa mwenyewe."

"Mama, hiyo ni amri."

"Ya nani?"

Niliingia chumbani kulala. Kesho yake nilifika na vibarua sita wa mji, majembe na mafyekeo. Wale vibarua walipoona mashina yamebeba mbegu, walisita. Mmoja wao akaniambia, "Shikamoo ya mama yako hatujaitoa, bwana afya. Tumngoje atoke." Nikamnyang'anya fyekeo, nikaanza mimi mwenyewe. Nilifyeka kwa hasira, sijui hasira ya nini. Mama alitoka, akaitikia shikamoo zao, akasimama akitazama. Bibi wa dukani alivuka na kisahani chake, akafika katikati ya barabara, akageuka akarudi. Tulipomaliza tulilima mpaka chini, tukachoma mabaki, tukapanga mawe yaliyopakwa chokaa.

Jumamosi yalipita magari matatu, vioo vimefungwa kwa sababu ya vumbi. Ardhi ilikuwa tupu, haina cha kulishika vumbi hilo. Liliingia ndani, likatua juu ya meza na juu ya ugali. Mgeni sikumwona hata kisogo.

Mkuu wangu alinisifu mbele ya wenzangu. Mama alifunga kanga zake, akasema anarudi kwa kaka yake. Nilimsindikiza hadi kwenye basi, nikaanza kumwomba radhi. Akanikatiza.

"Umefanya kazi yako. Lakini mji unaoogopa majani, mimi siuwezi."

Aliishi miaka mingine sita. Nilipomtembelea alinipokea vizuri, akanilisha, akaniuliza habari za watoto niliowapata baadaye. Ila hakuniita tena ng'wanawane. Aliniita bwana afya, kama alivyomwita mtu yeyote wa serikali kwa cheo chake, na hakukuwa na kejeli ndani yake. Afadhali ingekuwamo. Alipougua, walimpeleka hospitali ya Kolandoto bila kunijulisha. Nilipata habari akiwa ameshazikwa. Mjomba alisema ndivyo alivyotaka, nisisumbuliwe kazini. Bibi wa dukani naye alishahama na wanawe, na sikuwahi kuvuka barabara kuzungumza naye.

Nikapandishwa cheo, nikahamishiwa Geita. Wiki yangu ya kwanza nilimkuta mama mmoja, mke wa mchimbaji, ameacha mlenda ukatambaa mpaka kwenye mfereji wa barabara. Alinisihi nimpe siku mbili achume. Nilimsikia vizuri kabisa. Nikafungua daftari, nikamwandikia onyo.